Hodhi Moja, Volumu Nyingi: Kupanga Ukubwa wa Hifadhi ya Snapshoti kwa Makavazi ya Sauti za Kibera na Kawangware

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaporudi chuoni kutoka Makina au Gatina huwa amebeba kitu ambacho zamani kilikuwa kanda na sasa ni faili. Kanda ilikuwa na aibu ya kuchakaa: ilikwaruza, ikakatika, na kila mtu akaona kwamba inakufa. Faili haina aibu hiyo. Huonekana nzima mpaka siku inapofunguliwa na kukutwa ni tupu, au, jambo baya zaidi, kukutwa imejaa maneno ambayo msimulizi hakuyasema.

Makala haya yanashughulikia swali ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi: makavazi ya sauti yatenge nafasi kiasi gani kwa ajili ya kuhifadhi hali zake za nyuma? Hoja inayotetewa ni kwamba swali hili haliwezi kujibiwa na fundi peke yake. Yeye anajua diski. Hajui ni baada ya siku ngapi mnukuzi hugundua kosa lake, wala hajui kwamba kosa lenyewe ni kosa.

Uteuzi wa Kibera na Kawangware si wa bahati. Kibera ndiko Kinubi, krioli yenye msingi wa Kiarabu, kilikopata makao tangu askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipokaa katika msitu ambao jina lake kwa lugha yao, Kibra, ndilo lililogeuka kuwa la mtaa. Mwaka 1982 Bernd Heine alichapisha kitabu kizima kuhusu Kinubi cha Kibera, na yeyote anayetaka kujua lugha hiyo imesogea vipi tangu hapo hana budi kurudi kwenye hali aliyoikuta. Kawangware nako, upande wa pili wa Barabara ya Ngong, Kiswahili hukutana kila siku na Kiluhya, Kikuyu na Sheng. Sauti za mitaa hii miwili hubadilika upesi kuliko kamusi.

Suala la istilahi

Kabla ya hesabu, maneno. Mafundi huzungumza juu ya seti ya diski nyingi zilizounganishwa zikawa akiba moja ya nafasi, ambayo humegwa kwa watumiaji mbalimbali. Wapo wanaoiita bwawa kwa kufuata tafsiri sisisi. Bwawa hukusanya maji ya mvua bila mpango. Akiba hii hupimwa na kugawiwa. Kiswahili kina neno hodhi, chombo kikubwa cha kuwekea maji, na makala haya yanalitumia hilo. Kila mgao unaochotwa kutoka hodhini na kuonekana kwa mtumiaji kama diski yake mwenyewe utaitwa volumu. Mtu asije akaita juzuu; juzuu ina kurasa na jalada.

Neno gumu ni snapshoti. Hii ni hali ya volumu kama ilivyokuwa kwa wakati mmoja maalumu, tuseme Jumatatu saa sita za usiku, iliyozuiwa isibadilike. Wengi huiita nakala. Istilahi hiyo inapotosha, na upotoshaji wake una gharama. Nakala ni kitu cha pili kinachosimama kwa miguu yake. Snapshoti inapochukuliwa haitengenezi kitu cha pili hata kidogo; huorodhesha tu ni vipande gani vya data, yaani bloku, vilivyokuwapo wakati huo, na kuvipiga marufuku kufutwa. Ndiyo maana huchukuliwa kwa sekunde chache hata kama volumu ni ya terabaiti kadhaa, na ndiyo maana siku ya kwanza haili nafasi yoyote ya maana. Mwanaistilahi atakayepata neno la Kiswahili lenye maana ya kuzuia badala ya kunakili atakuwa ametenda jema. Kwa sasa mkopo ulioswahilishwa unatosha.

Snapshoti hula nini?

Nafasi huanza kuliwa pale data hai inapobadilishwa. Zipo njia mbili. Katika njia ya kwanza, bloku inapotaka kuandikwa upya, mfumo hunakili kwanza ile ya zamani na kuiweka pembeni, kisha huandika mpya mahali pale pale. Katika njia ya pili, bloku mpya huandikwa kwingineko na ya zamani huachwa ilipo. Njia hii ya pili ndiyo iliyojulikana sana baada ya Dave Hitz, James Lau na Michael Malcolm kueleza mfumo wa faili wa WAFL mwaka 1994, na ndiyo inayofuatwa pia na ZFS, ambayo msimbo wake ulitolewa hadharani mwaka 2005. Kwa mpangaji wa nafasi tofauti si kubwa: kwa vyovyote vile, bloku ya zamani ipo na bloku mpya ipo, na zote mbili zimo katika hodhi lile lile.

Kutokana na hayo yanafuata mambo matatu ambayo humshangaza mtu asiyeyazoea. Kuongeza faili mpya hakuongezi mzigo wa snapshoti, kwa kuwa hakuna cha zamani kilichoguswa. Kufuta faili hakurudishi nafasi, kwa kuwa snapshoti bado inaishikilia. Msimamizi anayefuta mafaili kwa pupa ili kupunguza msongamano huona kipimo hakisogei, akafuta zaidi, na bado hakisogei. Na badiliko dogo machoni pa binadamu laweza kuwa kubwa machoni pa diski. Faili ya unukuzi wa ELAN, kwa mfano, ni matini. Mnukuzi akirekebisha herufi moja na kuhifadhi, faili nzima huandikwa upya.

Ukokotoaji wenyewe ni mwepesi. Ukubwa wa volumu huzidishwa kwa asilimia inayobadilika kati ya snapshoti moja na nyingine, kisha kwa idadi ya snapshoti zinazowekwa. Ugumu umo katika kuzijua tarakimu mbili za mwisho.

Kupima badala ya kukisia

Kuhusu tarakimu ya kwanza, Kibera yenyewe ina fundisho. Kwa miaka mingi ilirudiwa katika ripoti na magazeti kwamba mtaa huo una watu wapatao milioni moja, na wengine wakapita hapo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Hesabu hiyo ilipingwa na bado inabishaniwa, lakini pengo lake linaonyesha jinsi kisio linavyoweza kuzoeleka mpaka likasimama mahali pa kipimo. Mwaka huo huo vijana wa mradi wa Map Kibera walitembea vichochoroni na vifaa vya GPS wakaichora ramani ya mtaa katika OpenStreetMap, mahali ambapo hapo awali palikuwa karibu peupe. Ramani hiyo nayo huweka matoleo ya zamani ya kila kitu kilichochorwa. Nyumba zilipobomolewa Julai 2018 kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, kufutwa kwa kitu katika ramani hai hakukukifuta katika historia yake.

Katika hifadhi ya data kipimo ni rahisi kupatikana. Msimamizi huchukua snapshoti moja, husubiri saa 24, kisha husoma ni gigabaiti ngapi zimeshikiliwa nayo. Afanye hivyo kwa wiki mbili, na katika wiki hizo iwemo moja ya kazi nyingi, kwa mfano ile inayotangulia kuwasilishwa kwa tasnifu. Wastani wa wiki tulivu ni kisio lingine tu lililovaa nguo za tarakimu.

Muda wa kugundua kosa

Tarakimu ya pili, idadi ya siku, ndiyo inayomhitaji mwanafasihi. Chukulia kisa hiki cha kubuni. Makavazi yana nukuu 400 za mahojiano ya Kawangware. Mnukuzi mpya, mwenye bidii na aliyefuzu sarufi vizuri, anakuta msimulizi amesema "anakujanga", naye anaandika "huja". Anakuta "mathree", anaandika "matatu". "Doo", anaandika "pesa". Kisha, kwa kuokoa muda, anaiagiza programu ibadilishe maumbo hayo katika nukuu zote 400 kwa mkupuo. Kwa macho ya mtu wa Kiswahili sanifu amesafisha. Kwa macho ya mwanaisimu amefuta kiambishi -nga cha mazoea, ambacho ndicho kilichokuwa kinachunguzwa.

Diski haikuharibika, umeme haukukatika, hakuna king'ora kilicholia. Kosa la namna hii hugunduliwa lini? Si kesho yake. Hugunduliwa mtafiti anapoketi kuandika sura ya data, pengine baada ya wiki saba, akashangaa wazungumzaji wote wa Kawangware wanavyozungumza kama watangazaji wa redio. Iwapo snapshoti huwekwa kwa siku 14, ya mwisho yenye "anakujanga" imekwisha kufutwa mwezi mzima kabla hajafungua faili. Sauti ipo, ni kweli, na unukuzi unaweza kurudiwa. Lakini anayejua saa ngapi huliwa na kunukuu saa moja ya mazungumzo ya kibandani, watu watatu wakisema kwa pamoja na matatu ikipiga honi nje, hataona faraja kubwa.

Hivyo idadi ya siku haichaguliwi kwa kuangalia nafasi iliyobaki. Huchaguliwa kwa kuangalia mzunguko wa kazi: nukuu husomwa tena na mtu wa pili baada ya muda gani? Kama ni miezi mitatu, basi ni siku 90, na nafasi itafutwe.

Mfano wa hesabu

Na yachukuliwe makavazi ya kiwango cha kati yenye volumu tatu ndani ya hodhi moja. Ya kwanza, SAUTI, ina rekodi asilia za saa 1,200. Rekodi ya stirio ya kilohezi 48 na biti 24, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Kimataifa la Makavazi ya Sauti na Picha, huchukua baiti 288,000 kwa sekunde, yaani gigabaiti 1.04 hivi kwa saa. Saa 1,200 ni takribani gigabaiti 1,250. Ya pili, KAZI, ina vipande vinavyohaririwa, gigabaiti 600. Ya tatu, NUKUU, ina matini na hifadhidata, gigabaiti 40 tu. Data hai yote ni gigabaiti 1,890.

Vipimo vionyeshe kwamba KAZI hubadilika kwa asilimia 3 kwa siku, nayo ni gigabaiti 18. Snapshoti za kila siku zikiwekwa kwa siku 30 zitafikia gigabaiti 540. NUKUU hubadilika kwa asilimia 5, gigabaiti 2 kwa siku. Kwa siku 90 ni gigabaiti 180. Tarakimu hii ya mwisho ina mafunzo. Desturi ya zamani ya kutenga asilimia 20 ya volumu kwa snapshoti ingeipa NUKUU gigabaiti 8, ambazo zingeisha kwa siku nne. Volumu iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayohitaji kumbukumbu ya nyuma mara nne na nusu ya ukubwa wake, nayo ndiyo iliyobeba jasho la watu.

SAUTI haibadiliki, huongezeka tu, saa kumi kwa wiki, ambazo kwa mwaka ni gigabaiti 540 hivi. Iwekewe tahadhari ya asilimia 10, gigabaiti 125. Snapshoti zote basi ni 845. Jumla ya data hai, snapshoti na ukuaji wa mwaka mmoja ni gigabaiti 3,275. Hodhi lisijazwe kupita asilimia 80, kwa hiyo 3,275 hugawanywa kwa 0.8, nayo huzaa 4,094.

Mnunuzi aliye na bajeti finyu ataona diski nne za terabaiti 2, mbili zikiwa za kinga dhidi ya kuharibika kwa nyingine, humpa terabaiti 4 kamili. Zimepungua gigabaiti 94. Kishawishi cha kusema "si neno" ni kikubwa, na hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Fikiria kikao kinaamua rekodi zote zisafishwe kelele za barabarani, na msaidizi anaendesha programu hiyo juu ya SAUTI yenyewe badala ya kutoa vipande na kuvipeleka KAZI. Gigabaiti 1,250 zinaandikwa upya. 1,250 za zamani zinashikiliwa na snapshoti. Pamoja na data hai 1,890 na snapshoti 720 za volumu nyingine mbili, hodhi lina gigabaiti 3,860 kati ya 4,000, nao mwaka wa ukuaji haujaanza. Diski ya tano humaliza tatizo, kwa kuwa terabaiti 6 hubeba hata ajali hiyo. Kuizuia programu isiandike juu ya SAUTI ni bora zaidi na hakugharimu kitu.

Hodhi linapokauka

Katika mitaa yote miwili maji huuzwa kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwenye tangi la plastiki lililoinuliwa juu ya vyuma. Mwenye tangi la lita 10,000 ana mitungi 500 ya kuuza. Hata hivyo anaweza kuwaahidi wateja 50 mitungi 20 kila mmoja, yaani mara mbili ya alicho nacho, kwa kuwa anajua hawaji wote kwa siku moja, na mfereji hujaza usiku. Ahadi hiyo si ulaghai. Ndiyo biashara yenyewe. Huvunjika siku mfereji unapokatika kwa wiki nzima na wateja wote 50 wakasimama foleni na mitungi mitupu.

Mifumo mikubwa ya hifadhi hugawa volumu kwa ahadi vivyo hivyo. Kila idara huonyeshwa diski kubwa kuliko iliyopo kweli, na nafasi halisi huchotwa kutoka hodhini kadiri ya matumizi. Snapshoti ni mteja wa siri katika foleni hiyo: haonekani kwa mtumiaji yeyote, hana jina katika orodha ya idara, na huchota kila usiku. Hodhi likijaa, anayeumia si mwenye snapshoti pekee. Katika mifumo mingi kila volumu iliyo humo hukataliwa kuandika, hata ya idara ambayo haijawahi kuchukua snapshoti maishani mwake. Mifumo mingine huamua kufuta snapshoti za zamani kuanzia ile kongwe ili data hai iendelee, yaani "anakujanga" inakuwa ya kwanza kutolewa kafara. Snapshoti za LVM za aina ya zamani katika Linux, ambazo hutengewa kijisehemu chao, hubatilika zote mara kijisehemu kinapojaa, huku volumu yenyewe ikiendelea kama kawaida. Ni juu ya makavazi kujua mapema mfumo wao umeelekezwa kufanya lipi. King'ora kiwekwe asilimia 70 kwa taarifa na 80 kwa hatua, na hatua hiyo ihesabiwe kwa urefu wa taratibu za ununuzi. Chuo ambacho zabuni huchukua miezi minne hakisaidiwi na onyo la wiki mbili.

Inafaa pia kukumbusha, kwa vile neno nakala limekwisha kuwapotosha wengi, kwamba snapshoti haiokoi chochote hodhi lenyewe linapoibwa au kuungua. Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, liliteketea mwanzoni mwa 2008; duka la mtu lililokuwa na stoo yake ndani ya soko lile lile lilipoteza vyote viwili. Nakala rudufu ikae katika jengo lingine, na kwa hakika mtaa mwingine.

Haki ya msimulizi

Yote yaliyotangulia yamechukulia kwamba kuhifadhi zaidi ni bora. Yupo mtu mmoja ambaye kwake sivyo. Bibi wa Makina aliyesimulia kwa Kinubi habari za ndoa yake anaweza, baada ya mwezi, kumpigia mtafiti simu na kusema: mwanangu, ile sehemu ya mume wangu wa kwanza iondoe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatambua haki ya mtu kutaka taarifa zake zifutwe katika hali fulani, na hata kabla ya sheria, adabu ya ukusanyaji ilidai hivyo.

Mtafiti anafuta faili, anamjibu bibi kwamba imekwisha. Haijaisha. Kwa siku 30 katika KAZI na siku 90 katika NUKUU, maneno yake yangalimo ndani ya snapshoti, na yeyote mwenye ufunguo wa usimamizi anaweza kuyafungua. Snapshoti haihaririwi, haiwezekani kutoa faili moja kutoka ndani yake bila kuifuta nzima, pamoja na kazi ya watu wengine wote iliyoshikiliwa humo. Siku zile zile zinazoiokoa "anakujanga" ndizo zinazochelewesha ombi la bibi.

Fomu za ridhaa zinazotumiwa na wanafunzi hutaja jina la mtafiti, lengo la utafiti na mahali rekodi itakapowekwa. Kwa makavazi yenye mpango kama ulioelezwa hapa, iongezwe sentensi moja, isomwe kwa sauti kwa lugha anayoielewa msimulizi kabla kinasa sauti hakijawashwa: kwamba akitaka maneno yake yafutwe yatafutwa siku hiyo mahali ambapo watu husoma, na yatamalizika kabisa baada ya siku 90.